Meno ya Maalim Mvuani

Jana mvua ilipoanza niliwaona nyinyi vijana wa pikipiki hapa Kangemi mkikimbilia chini ya mabati ya soko, kila mmoja na simu mkononi, na ile miavuli mikubwa mnayoifunga kwenye pikipiki ikipepea kama hema la matanga. Nilicheka peke yangu mpaka mjukuu wangu akaniuliza kama niko sawa. Sikuwa nawacheka kwa ubaya. Nilikuwa nakumbuka jinsi nilivyoichukia mvua, na jinsi ambavyo baada ya miaka yote ile kazini bado sijaielewa. Kwa hiyo msidhani nimeketi kuwafundisha. Nawaambia yaliyonipata, na mkiweza kuyapanga kichwani vizuri kuliko mimi, mje mnieleze.

Nilikuwa mesenja wa pikipiki katikati ya mji, miaka ya themanini mpaka tisini na kitu. Siku hizo pikipiki haikubeba abiria. Ilibeba barua, vipuri, filamu za picha, dawa. Mimi nilibeba meno.

Usicheke, wewe mwenye ndara. Mwajiri wangu, Mzee Kirpal, alikuwa kalasinga mpole aliyekuwa na karakana ya meno ya bandia katika uchochoro wa nyuma ya maduka ya vitambaa. Daktari wa meno kule Hurlingham au Westlands alichukua umbo la ufizi wa mgonjwa, akanipa mimi, nikampelekea Kirpal. Kirpal alimwaga plasta, akachonga, akasaga kwa mashine yake iliyolia ziii kutwa nzima, kisha nikarudisha kwa daktari. Mwenye mdomo hakuwahi kumwona Kirpal, wala Kirpal hakuwahi kumwona mwenye mdomo. Kisanduku kilikuwa na nambari ya kliniki, basi. Ndivyo kazi ilivyofanywa, na sikuwahi kusikia mtu akiuliza kwa nini.

Sasa sikilizeni jambo la kwanza lililonichanganya. Meno ya bandia yakikauka yanajikunja, kwa hiyo Kirpal aliyafunga kwa pamba iliyoloa. Lakini plasta ambayo meno hayo yamekalia ikiloa inakuwa uji. Yaani ndani ya kisanduku kimoja nilikuwa na kitu kinachotaka maji na kitu kinachoyaogopa, na mimi katikati ya mvua ya Nairobi nilitakiwa kuviridhisha vyote viwili. Nilimuuliza Kirpal nifanyeje. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Wewe endesha tu pikipiki, Josphat. Usifikirie sana."

Aliyenifundisha kufunga mzigo alikuwa Mzee Mutua, mesenja mkongwe wa ofisi moja ya mawakili, mtu mfupi mwenye mguu mmoja uliovunjika zamani ukapona vibaya. Nusu ya mamesenja wa mji tulipita mikononi mwake. Yeye alidharau mifuko ya ngozi na mifuko ya turubai. Alichukua tyubu kuukuu ya gurudumu la lori, akakata kipande kama mkono, akatia kisanduku ndani, kisha akakunja miisho yote miwili na kuikaza kwa blada, zile kamba za mpira ambazo hata nyinyi mnafungia mizigo. Maji hayaingii humo hata ukitumbukia mtoni. Mzigo uliofungwa hivyo yeye aliuita mtoto. Kila asubuhi yenye mawingu alipita akichechemea kwenye foleni ya pikipiki zetu akiuliza, "Mtoto amevaa? Na wewe, mtoto amevaa?" Ole wako akute blada yako imelegea. Alikufungulia mbele ya watu, ukaanza upya.

Kwa upande wa mwili, tulijua haya. Gazeti chini ya shati, kifuani, linazuia baridi kuliko sweta, ila lisiwe la rangi, maana utarudi nyumbani na picha ya waziri tumboni. Karatasi za mkate juu ya soksi kabla ya kuvaa viatu. Kioo cha kofia unakipaka sabuni ya kipande kwa ndani, unafuta kwa kitambaa kikavu, na hakitashika ukungu. Plagi unaikatia kijikofia cha mpira kutoka kwenye ndara iliyochakaa, la sivyo injini inakufa katikati ya dimbwi na kila mwenye gari anakupigia honi. Breki zikiloa unazigusagusa kidogo ukienda ili zikauke, usingoje kuzikumbuka ukiwa nyuma ya basi. Na dimbwi usilolijua usiliingie mpaka lori lipite kwanza, maana vifuniko vya mitaro mjini hapa vimekuwa vikiibwa tangu enzi za ujana wangu.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya. Mafuta yaliyomwagika barabarani miezi yote yanapanda juu, na lami inakuwa sabuni. Tena mwezi wa kumi maua ya mijakaranda yanaanguka, zambarau tupu, wageni wanasimama kupiga picha. Mimi nilianguka juu ya uzuri huo pale kwenye mteremko wa Valley Road, nikateleza kwa makalio mpaka miguuni pa mama mmoja aliyekuwa akiuza mahindi. Alichosema ni, "Pole. Unataka ya kuchoma ama ya kuchemsha?"

Hayo yote niliyashika. Nisilolishika ni swali dogo kabisa: koti la mvua linavaliwa lini? Mzee Mutua alisema uvae kabla tone la kwanza halijaanguka. Rafiki yangu Wafula, aliyekuwa mesenja wa duka la vipodozi, alisema uvae ukishalowa kidogo, kwa sababu wingu la Nairobi ni la kutisha watu tu. Nilimfuata Mutua, nikavaa koti mjini, nikapanda Waiyaki Way nikitoka jasho kama mpishi, jua kali mpaka nyumbani. Nikamfuata Wafula, nikafika Kangemi nikiwa na maji ndani ya viatu na matope mekundu mpaka masikioni, na mjini huko nilikotoka watu wamekaa bustanini wanakula njugu. Nikaamua kuangalia milima ya Ngong. Ikifunikwa, navaa. Mvua ikaja kutoka upande wa Kikuyu. Sasa mnataka niwaambie nini?

Basi nije kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Ijumaa, mchana, wingu limeshuka mpaka juu ya maghorofa. Kirpal alinikabidhi kisanduku cha kliniki ya Hurlingham na kusema ni meno yaliyovunjika vipande viwili, ameyaunga, na daktari amepiga simu mara mbili kuyaulizia. "Kuna mtu anayangoja pale pale kliniki," alisema. "Yasiingie maji hata tone." Nikamvika mtoto tyubu, nikakaza blada, nikavaa koti. Nilimfuata Mutua siku hiyo.

Mvua ilinikuta Valley Road, na si mvua ya kuendesha ndani yake. Niliingia chini ya paa la kituo cha petroli, nikakuta wenzangu wengi wamejaa, Wafula akiwemo. Sasa mjue jambo hili: koti zetu zote zilitoka duka moja, za kijani kizito kama za jeshi. Kofia zetu zote nyeusi. Pikipiki nyingi nyekundu. Na kwa kuwa sote tulifunzwa na mtu mmoja, mizigo yetu yote ilikuwa tyubu nyeusi zilizofungwa blada pande mbili. Tukiwa tumeegemea ukuta tunavuta sigara na kuwacheka wenye suti, tulikuwa tumeipanga ile mizigo kwenye benchi pakavu, mtoto kando ya mtoto.

Mvua ilipopungua kidogo, kila mtu aliruka. Hapo ndipo ilipotokea. Wafula mpaka leo anaapa mimi ndiye niliyechukua wake kwanza. Mimi nasema ni yeye. Tumelibishania jambo hili kwenye mazishi, kwenye harusi, hata hospitalini akiwa na dripu mkononi, na hatujafika popote.

Nilifika kliniki nikimwaga maji. Kwenye benchi ya mapokezi alikuwa amekaa mzee wa Kipwani, kanzu nyeupe, kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono, na leso ameikandamiza mdomoni. Sista Wanjiru, muuguzi wa pale, alinipokea kwa mikono miwili kama aliyeletewa mgeni wa heshima. Akafungua blada. Akatoa kikopo cha dawa ya kulainisha nywele. Akatoa kingine. Akanitazama.

"Josphat, hii ni nini umetuletea?"

Niliingiza mkono ndani ya tyubu mpaka kwenye kiwiko, nikapapasa, kana kwamba meno yamejificha kwenye kona.

"Sista, mimi nilibeba meno."

"Meno gani? Hii ni ya kupaka kichwa. Huyu mzee ako na harusi leo, unajua? Leo! Yeye ndiye anaozesha."

Ndipo nikaelezwa. Mzee huyo aliitwa Maalim Twalib. Alifundisha watoto Kurani katikati ya mji. Mjukuu wake, yatima aliyemlea tangu akiwa mchanga, alikuwa anaolewa baada ya sala ya alasiri, na Maalim alikuwa amengoja miaka mingi kusoma hotuba ya ndoa hiyo kwa ulimi wake mwenyewe. Jana yake, akitia udhu, meno yalimponyoka yakapasuka kwenye vigae. Mtu ambaye maisha yake yote amewachapa watoto kwa sababu ya herufi moja iliyotamkwa vibaya hawezi kusimama mbele ya watu na mdomo mtupu. Kama meno yasingefika, angemwachia mtu mwingine kusoma na kuozesha, yeye akae kimya kwenye mkeka.

Nilingoja anitukane. Nilistahili. Aliondoa leso kidogo, akaniambia kwa sauti ya kupuliza tu, "Mwanangu, enda polepole. Njia ina utelezi."

Nawaambia kweli, angenitukana ningeelewa. Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Dawa ya nywele nilijua ni ya Wafula, na pale kituoni tulipoambiana tunakokwenda alisema anaipeleka kwa Mama Akinyi, mwenye saluni Kenyatta Market. Nikakimbia huko. Mvua ilikuwa imerudi na hasira. Kwenye Ngong Road nilipishana na mesenja, koti la kijani, kioo kimeshushwa. Sisi mvuani hatukupungiana mikono, maana mkono haubanduki kwenye usukani. Tulitoa mguu mmoja pembeni, kidogo, kama kusema niko hapa. Akatoa mguu. Nikatoa wangu. Tukapita.

Kenyatta Market moshi wa nyama choma ulikuwa umelala chini kwa sababu ya mvua, machozi yananitoka nikitafuta mlango. Ndani ya saluni kulikuwa na kelele.

"Ni wewe ulituletea meno ya maiti?" Mama Akinyi alinivamia.

"Si ya maiti, mama. Ni ya mtu wa harusi."

"Huyu customer amepiga nduru mpaka butcher akakuja na kisu! Wafula ametoka hapa saa hii, amekimbia kukutafuta. Ameenda hivyo, upande wa Hurlingham. Hamkuonana?"

Nikaketi. Ule mguu! Nilikuwa nimemsalimia mtu aliyebeba meno yangu, naye akanisalimia mimi niliyebeba dawa yake, tukatakiana safari njema, kila mmoja akaenda mbali na alichokitafuta.

Wafula hakujua kliniki yangu ni ipi, maana Hurlingham zilikuwa nyingi. Nifanyeje? Hapo nikakumbuka neno la Mzee Mutua. Alikuwa akituambia tukipotezana mvuani, tusizunguke. "Kaa," alisema. "Mtu akikaa, anapatikana. Wote mkitafutana, mtatafutana mpaka petroli iishe." Basi nikakaa, dawa nikiwa nimeipakata, maana risiti ya kusainiwa alikuwa nayo Wafula. Wanawake wamewekwa vichwa kwenye zile mashine za kukaushia nywele, nami katikati yao, koti langu linadondosha maji sakafuni, Mama Akinyi anapangusa na kusonya. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Kila mshale uliposogea nilimwona yule mzee na leso yake.

Sijui nilikaa muda gani kabla wazo halijanipiga. Ni nani alimfundisha Wafula? Si ni Mutua huyo huyo? Basi Wafula naye amekaa! Amekaa mahali, mkavu, ameshika meno, ananingoja mimi nitembee. Nikasimama. Kisha nikawaza, na kama naye amewaza hivi hivi, amesimama sasa hivi anakuja huku, nami nikitoka nitamkosa? Nikakaa. Lakini kama anawaza kwamba mimi nawaza atakuja, si atabaki? Nikasimama tena.

"Wewe kijana," alisema mmoja wa wale akina mama, sauti ikitoka chini ya mashine, "ama uende ama ukae, unanizungusha kichwa."

Nikaenda. Hiyo ndiyo hekima yote niliyotumia. Mama mmoja alichoka kuniangalia.

Ngong Road tena. Koti la kijani linakuja mbele yangu. Mguu ukatoka. Safari hii sikutoa wangu. Nilipunguza, nikageuza pikipiki taratibu kwa maana lami ilikuwa kama kioo, nikamfukuza. Kumbe naye, alipoona sikumjibu salamu, alijua kuna jambo, akageuza anifukuze mimi. Tukapishana tena, tunatazamana, kila mmoja anapiga kelele ndani ya kofia yake na hakuna anayesikia. Nikasimama kando ya barabara. Nikaangalia nyuma, naye amesimama kule mbali. Sote tumekaa! Sote tumemtii Mutua! Magari yanatumwagia maji, na sina hakika hata kama ndiye yeye, maana mamesenja wenye koti la kijani walikuwa wengi.

Yule wa kule akavua kofia. Katika mvua ile, akaivua kabisa, akainua uso, na nikaona kipara cha Wafula kinang'aa.

"We Jose! Mtoto wangu iko wapi?"

"Nilikuwa nimekaa Kenyatta!"

"Na mimi nilikuwa nimekaa Hurlingham, kwa stage, chini ya mti! Si mzee alisema tukae?"

Tulibadilishana pale pale, matope mpaka magotini, kila mmoja akafungua wa kwake na kuchungulia. Meno yalikuwepo, pamba ingali imeloa, plasta kavu kama ilivyotoka kwa Kirpal. Nilimkumbatia Wafula. Kipara chake kilikuwa baridi kama chupa.

Kufika kliniki, benchi tupu. Maalim alikuwa ameondoka, maana alasiri ilikaribia. "Alisema akiendelea kukaa hapa atakosa hata kumwona mjukuu akivikwa," alisema Sista Wanjiru, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mpelekee. Yako tayari, ni ya kuvaa tu. Shuka mjini, kwa mtaa wa maduka ya vitambaa, mlango wa buluu, ghorofa ya pili. Kimbia, Josphat. Lakini usianguke."

Yeye alisema nikimbie, mzee alisema niende polepole. Niliteremka Valley Road nikifanya yote mawili.

Mlango wa buluu niliuona kwa viatu vilivyojaa mbele yake. Nilipanda ngazi nikiwa nimemkumbatia mtoto, maji yanafuata nyuma yangu ngazi kwa ngazi. Ghorofani wanaume walikuwa wamekaa mkekani, bwana harusi amekwisha ketishwa, na jamaa mmoja mwenye ndevu amekohoa tayari kuanza badala ya Maalim. Maalim alikuwa pembeni, leso mdomoni, anatazama sakafu. Wote waligeuka kunitazama. Nilitaka kusema samahani, au hodi, au salamu yao ambayo niliijua nusu, na nilichotoa mdomoni ni, "Meno!"

Hakuna aliyecheka. Maalim aliinuka kwa haraka ambayo sikuitegemea kwa umri wake. Nilifungua blada kwa vidole vilivyokufa ganzi. Alichukua, akageukia ukuta, akajifunika shali usoni.

Kukawa kimya. Na katika kimya kile nikasikia, nyuma ya ukuta ule ule alioutazama, sauti niliyoijua kuliko ya mke wangu. Ziii. Ziiii.

Nilidhani nimepagawa. Nikadhani nimeleweshwa na baridi. Nikasogea dirishani, nikachungulia chini upande wa nyuma, na pale chini niliona uchochoro wetu, na pipa letu la plasta iliyoharibika, na baiskeli ya Mzee Kirpal imeegemezwa mahali pake. Nilikuwa nimezoea kuingilia uchochoroni na kupanda ngazi za nyuma mpaka karakana; sikuwahi kufikiri kwamba jengo lina mbele. Meno yale yaliungwa upande wa pili wa ukuta wa sebule ya mwenyewe. Mkono wangu ungepita tundu la tofali ungemkabidhi.

Maalim aligeuka, mdomo umejaa, uso umerudi kuwa wa mwalimu. Alinikuta nimeduwaa.

"Una nini, mwanangu?"

"Hiyo sauti, Maalim. Huku ukutani."

"Ah, hiyo." Kila neno lilitoka safi, na nilimwona akifurahia kulisema. "Hiyo yatuudhi miaka mingi. Twadhani ni fundi wa charahani. Wewe waijua?"

Nilitaka kumweleza. Nilifungua kinywa. Lakini bwana harusi alikuwa anangoja, na mimi mwenyewe nilikuwa sijaelewa, basi nikasema hapana.

Alinishika mkono, akahisi ulivyo, akaita. Kijana mmoja wa ukoo akanipeleka chumba cha ndani, akanivua koti, shati, gazeti lililokuwa limegandana na kifua, karatasi za mkate, vyote, akanivika kanzu kavu. Nikarudi nikaketi nyuma kabisa karibu na mlango, mimi Josphat wa Kangemi ambaye hata kanisani naenda Krismasi tu, na wazee wakanisogezea nafasi bila kuuliza.

Kisha Maalim akasoma. Sikuelewa neno hata moja. Lakini nilikuwa nimebeba herufi zile mvuani mchana kutwa, na nilizisikia zikitoka moja moja, nzima, hakuna iliyovuja. Alipofika mahali pa kumwozesha mjukuu wake aliyemlea, sauti ilikatika, akaanza tena. Nililia. Jamaa aliyekaa karibu nami alidhani ni mafua, akanipa leso.

Nilikula pilau mpaka nikashindwa kusimama. Nilipotoka mvua ilikuwa imeisha katikati ya mji, jua la jioni limewaka kwenye vioo, kwa hiyo sikuvaa koti. Mnajua kilichonipata Waiyaki Way.

Nilifika nyumbani nimevaa kanzu iliyoshikana na mwili, imegeuka nyekundu kwa matope mpaka kiunoni, tyubu tupu begani. Mke wangu alikuwa mlangoni na beseni. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, akarudi juu.

"Baba Njoki, leo walikutuma wapi?"

Nilifikiri sana. Nilifikiria Hurlingham na Kenyatta Market, na Ngong Road mara ngapi sijui, na Wafula na kipara chake, na ukuta unaolia.

"Hapo jirani," nikamwambia. "Nyumba ya pili."